Muuzaji Huonja Kwanza

Somo la nne lilimkuta Bonifasia amekaa juu ya jiwe nyuma ya kigango, mahali pekee katika kitongoji kizima ambapo simu yake ilishika mtandao bila kukatika. Wanawake waliopita na madumu ya maji walimsalimu huku wakichekea pembeni. "Mama Bernardo siku hizi unasali mpaka siku za kazi!" Aliwaitikia kwa mkono tu. Sikio lilikuwa kwenye simu, na bando la mia tano lilikuwa linayeyuka.

"Wajasiriamali wangu, hamjambo?" Sauti ya Madam Teddy ilitoka Mwanza ikiwa imechangamka kama mtu aliyekwisha kunywa chai na chapati mbili. "Leo tunaongea usafi. Wewe mwenye juisi, wewe mwenye mtindi, wewe mwenye kinywaji cha asili, nisikilize. Mteja wa leo anataka kitu kilichofungwa, chenye lebo. Na kuna jambo moja nalichukia, nalichukia kabisa. Muuzaji kuonja bidhaa mbele ya mteja! Mdomo wako unatafuta nini kwenye kinywaji cha mtu? Umeona wapi mwenye duka anafungua soda, anapiga funda, halafu ndiyo anakupa? Tubadilike, jamani!"

Bonifasia aliisikiliza sauti ile mara tatu. Kila mara ilipofika kwenye soda alihisi uso unamwaka, utadhani yule mama alikuwa gulioni Jumatano iliyopita akimwangalia.

Maana Ntobeye, na Ngara yote unayoijua wewe, humpi mtu pombe ya ndizi kabla hujapiga funda la kwanza mwenyewe. Ukimpa bila kuonja umemtukana, au unamtakia mabaya. Funda lile linasema: kama humu mna kitu, kianze na mimi. Bonifasia alikuwa ameuza pombe miaka minane, na kwa miaka minane alikuwa ameonja kila kibuyu alichokitoa mkononi. Hakuna aliyemfundisha. Ni kama kuvua viatu mlangoni, nani anafundishwa?

Akaandika swali. *Madam, huku kwetu muuzaji asipoonja watu hawanywi. Nifanyeje?* Akalitazama. Kidole kikaning'inia juu ya alama ya kutuma, kikaganda.

Kuuliza si ujinga, wanasema. Aliyesema hivyo hakuwahi kutiwa kwenye kundi la watu mia mbili hamsini na sita asiowajua hata mmoja. Katika somo la pili Bonifasia aliuliza maana ya "wateja lengwa". Vikaragosi vya kucheka mpaka machozi vilimiminika, na mama mmoja muuza keki akaandika, *Jamani wengine mmetoka wapi?* Bonifasia hakulala vizuri siku mbili. Ametoka wapi! Ametoka Ntobeye, amelipa ada elfu kumi kama wao, tena elfu kumi ya maharage aliyoyapalilia kwa mgongo wake.

Akalifuta swali, herufi moja moja. Akasimama, akajipangusa vumbi. Chupa, basi. Tutafunga kwenye chupa, na hakuna kuonja.

*

Nyumbani alimkuta Keza amepiga magoti mbele ya mtumbwi wa kukamulia, mikono imezama mpaka viwikoni, anakamua ndizi mbivu kwa nyasi. Povu la manjano lilikuwa limeanza kupanda. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa na mikono ya mtu aliyezaliwa kwenye migomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zimetoa juisi?"

"Zimetoa sana. Zile tulizozivundika shimo la juu zimeiva kuliko hizi."

Keza alikuwa mtoto wa dada yake Gervasi, mume wa Bonifasia. Dada huyo aliolewa Burundi zamani, wakati mpaka ulikuwa ni njia tu ya kwenda kusalimia ndugu. Mwaka uliopita, Warundi walipoanza tena kuvuka kwa maelfu, mama alikuwa ameshakufa, na binti alivuka peke yake. Alisimama foleni ya kuandikishwa pamoja na wenzake. Watu wawili mbele yake akamwona mmoja wa wanaume waliokuja usiku kumchukua baba yake, Niyomugabo, ambaye hakurudi. Naye mwanamume yule alikuwa amesimama anasubiri karatasi ya mkimbizi, amekumbatia godoro lake. Keza akatoka kwenye foleni kama anayekwenda kujisaidia, akatembea mpaka kwa mjomba wake. Hakurudi tena kule.

Kwa sheria, mahali pake palikuwa kambini. Kila mtu kitongojini alijua yupo kwa Gervasi, na kila mtu alijifanya hajui. Hata mtendaji wa kijiji, Mihayo, Msukuma aliyekulia Runazi, alimsimamisha Gervasi njiani siku moja akamwambia, "Mzee wangu, mimi sijaona kitu. Ila kwako kusiwe na kelele. Siku nikiitwa kwako, nitaona." Basi waliishi hivyo, bila kelele.

Jioni ile Gervasi alirudi shambani na habari. Alitua jembe, akakaa kwenye kigoda, akasema bila kuzunguka. "Kila Jumatatu kuna lori la mahindi linakwenda Biharamulo. Dereva namfahamu. Nimempigia binamu yangu Kazimili kule Bisibo, amekubali kumpokea Keza. Kule ni mbali na mpaka. Hata akikutana na mtu, ni mtoto wa ndugu, basi."

Bonifasia alihesabu siku kwa vidole. Kisha akauliza, "Jumatatu hii?"

"Hii."

"Gervasi, yule mwenye kibanda Kabanga anataka chupa arobaini. Arobaini! Nikizipeleka vizuri, atachukua kila wiki. Nani atakamua? Mimi nina masomo, nina chupa za kuosha, nina lebo za kufuatilia Ngara mjini."

"Ulikuwa unakamua mwenyewe."

"Nilikuwa nauza kwa vibuyu, mpaka lini? Magulio mawili tu, kisha aende."

Gervasi alimgeukia Keza. "Wewe unasemaje?"

Keza aliangalia mikono yake, iliyokuwa imeanza kuwa myeusi kwa utomvu. "Mama akinihitaji, ninakaa," alisema. Na Bonifasia, Mungu amsamehe, alifurahi.

*

Chupa za maji zilizotupwa aliziokota kwa madereva wa malori, akaziosha kwa maji ya moto mpaka vidole vikamchubuka. Lebo zilichapwa kwenye steshenari ya Ngara mjini kwa elfu kumi na tano. Zilikuwa za kijani, zimeandikwa BONI, na chini yake: Ladha ya Asili.

"Boni ni nani?" aliuliza Gervasi.

"Ni mimi."

"Mimi nilioa Bonifasia."

"Cheka tu. Ukiona hela utaacha kucheka."

Kitu ambacho Madam Teddy hakukisema, kwa kuwa hakuwahi kuipika, ni kwamba pombe ya ndizi haikubali kufungwa. Inaendelea kuchemka. Chupa zilivimba matumbo, na alfajiri ya Jumatano mbili zikapasuka, pa! pa! Gervasi aliruka kitandani. Walipofika sebuleni walimkuta Keza chini ya meza, amelala kifudifudi, mikono kichwani. Ilimchukua Bonifasia muda mrefu kumwelewesha kwamba ni chupa tu. Binti aliomba radhi, tena na tena, kisha akaenda akalegeza vifuniko vyote vilivyobaki.

Gulioni alizipanga chupa juu ya kitambaa cheupe, kama kwenye picha alizotumiwa. Mteja wa kwanza alikuwa Theonest, dalali wa mbuzi, ambaye alikuwa mteja wa kwanza tangu siku ya kwanza. Alichukua chupa, akaigeuzageuza, akamrudishia.

"Haya, onja basi."

"Imefungwa, Theonest. Unafungua mwenyewe. Safi kabisa."

"Sijakuuliza usafi."

"Ndiyo utaratibu mpya."

Theonest alimwangalia usoni, akasubiri. Bonifasia alihisi mkono unamwasha, unataka kuipokea ile chupa, kuifungua, kupiga funda na kuyamaliza. Ilikuwa sekunde moja tu. Lakini alikumbuka soda, akakumbuka vikaragosi vya kucheka, akauficha mkono kwenye kanga. Theonest akaguna. "Kwa sababu ni wewe," alisema, akalipa, akanywa amesimama mbali kidogo. Wengine hawakuwa na urafiki wa miaka minane. Walikuja, wakasoma lebo, wakauliza habari za watoto, wakaondoka. Hatua tatu kutoka pale, Scolastica, mpika pombe mwenzake, alikuwa anaonja na kumimina, anaonja na kumimina, mpaka vibuyu vikaisha saa sita.

Alipomaliza, Scolastica alikuja kumsalimia. Hakuwa mtu mbaya, mlitambue hilo mapema. "Shoga, mbona hunywi pombe yako? Au siku hizi hupiki wewe?"

Sasa somo la sita lilikuwa limesema: usijionyeshe uko peke yako, mteja anaheshimu biashara yenye watu; sema "sisi", sema "timu yetu". Bonifasia alikuwa na aibu, ameuza chupa nne tu, na alitaka walau kitu kimoja kiende kama kilivyofundishwa. Akainua kidevu. "Tuko timu," alisema. "Mimi ni msimamizi."

"Timu!" alisema Scolastica. Akalitafuna neno lile polepole, akaondoka nalo.

Jioni Bonifasia alipanda kigangoni kwa hasira, na safari hii alilituma swali lake. Jibu lilikuja baada ya saa nzima, kwa sauti, mbele ya wote. "Mama Boni, huo ni mtazamo wa kizamani sana, mpenzi. Kama wateja wako hawabadiliki, badilisha wateja!" Chini yake yakaja madole gumba thelathini.

"Nibadilishe wateja!" Bonifasia aliiambia simu. "Niwapeleke wapi? Niwarudishe dukani nipewe wengine?" Lakini aliiambia baada ya kuizima.

Gervasi alimwambia, "Achana na chupa. Rudi kwenye vibuyu." Bonifasia alijua mumewe anasema kweli, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Lebo sitini zilikuwa zimebaki. Arobaini za Kabanga zilikuwa hazijakamilika. Gulio moja tu, alisema. Moja tu, kisha Keza aende Bisibo na mimi nirudie vibuyu vyangu. Na Jumatatu lori la mahindi likapita tena, likaenda zake.

*

Jumatano iliyofuata jua lilikuwa kali. Theonest alikuja mapema, akachukua chupa mbili, safari hii hakuomba kuonjewa. Alizinywa zote kwa mkupuo karibu na zizi la mbuzi. Haikupita nusu saa, alishika tumbo, akainama, akatapika povu la manjano mbele ya watu.

Mtu akasema, "Amekunywa nini?"

Mwingine akasema, "Ya chupa."

Basi. Maneno hayo mawili yalitosha kulisimamisha gulio. Bonifasia aliona watu wanageuka, mmoja mmoja, kisha kumi kumi. Wote walikuwa watu anaowajua, watu aliowapelekea chakula cha msiba. Walimwangalia kama wanamwona leo.

"Tangu lini Mama Bernardo haonji?" mtu aliuliza kwa sauti.

"Wiki ya pili hii."

"Kwa nini haonji?"

Bonifasia alinyakua chupa, akaifungua. Povu lilimrukia gaunini. Akanywa, akanywa mpaka chupa ikabonyea. "Haya!" alisema akihema. "Nimeonja! Mmeridhika?"

"Wewe hukuipika," alisema Scolastica. Aliogopa kweli, mkono ulikuwa kifuani. "Ulisema mwenyewe kuna timu. Anayepika ndiye anayeonja. Timu yako ije ionje."

"Timu gani?" kijana mmoja alidakia. "Si yule Mrundi wao!"

Mpaka pale neno hilo lilikuwa halijatamkwa hadharani. Lilipotoka, kila mtu akawa na lake. Hawa watu huwajui walikotoka. Wanauana kwao, wataogopa kutuua sisi? Babu yangu alikufa kwa kibuyu cha mgeni. Waliosema hivyo nusu yao walikuwa na bibi aliyezaliwa ng'ambo ile ile, lakini umati hauna bibi.

Wakaanza kutembea kuelekea nyumbani kwake. Bonifasia aliacha meza, aliacha chupa, akakimbia akiwapita, ndala moja ikamvuka njiani. Moyoni alikuwa na neno moja tu: afiche. Amfiche Keza. Magulio mawili, mimi na magulio yangu mawili!

Gervasi alikuwa ameshasikia kelele. Alisimama mbele ya ua, panga mkononi, ncha imeelekezwa chini. "Yuko migombani," alimnong'oneza mkewe. "Nimemwambia asitoke."

Watu walijaa uani. Theonest naye aliletwa, amebebwa mabegani na wenzake kama ushahidi, akaketishwa kwenye kibaraza. Nyuma yao pikipiki ilinguruma, na mtendaji Mihayo akashuka pamoja na mgambo, daftari lake kwapani.

"Kelele hizi ni za nini?" aliuliza. Na alipouliza alimtazama Gervasi, na macho yake hayakuwa ya ukali. Yalikuwa ya mtu anayesikitika kwamba ameitwa.

"Nimepika mimi!" Bonifasia alipaza sauti kabla mtu hajamjibu. "Peke yangu! Timu ni maneno ya biashara tu, ni maneno ya kwenye simu. Hakuna timu."

"Tuonyeshe mikono," alisema Scolastica.

Bonifasia aliificha, lakini alichelewa. Mwanamke aliyekuwa karibu alimshika, akaiinua juu watu waione. Mikono ilikuwa myeupe kwa sabuni ya kuoshea chupa. Aliyekamua ndizi utomvu humng'ang'ania wiki nzima, kila mtoto wa pale anajua. Watu wakaguna kwa pamoja, mguno mzito. Jiwe la kwanza likagonga mtungi, mtungi ukapasuka, pombe ikatiririka uani. La pili lilimpata Gervasi begani. Panga likainuka.

"Gervasi!" Mihayo alifoka. "Shusha!"

"Nimepika mimi."

Sauti haikuwa kubwa. Keza alikuwa ametoka migombani na kusimama ukingoni mwa ua, mikono yake myeusi ameinyoosha mbele kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni. Watu walimpisha. Alikwenda mpaka kwenye mtumbwi uliojaa pombe iliyoiva, akapiga magoti, akachota kwa kata, akanywa. Hakunywa funda. Alimaliza kata nzima, wote wakimwangalia koo lake linavyopanda na kushuka, kisha akaigeuza juu chini ili waone hakuna kilichobaki. Akachota ya pili. Akaipeleka kibarazani kwa Theonest kwa mikono miwili, akaonja tena kidogo pembeni, akampa.

Theonest alimtazama, akapokea, akanywa. Akajifuta mdomo.

"Hii ndiyo pombe," alisema. "Jamani, mimi tangu jana mchana sijatia kitu tumboni. Nimekunywa mbili za kuchemka juani kwa mkupuo. Hata maziwa yangenitapisha."

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, na kicheko kikaenea kama kinavyoenea kwa watu walioogopa. Kijana aliyerusha jiwe alijitia anatafuta kitu chini. Scolastica alikuja, akamshika Bonifasia bega. "Nisamehe, shoga. Ungeonja tu tangu mwanzo." Bonifasia hakumsikia. Alikuwa anamwangalia Mihayo, ambaye alikuwa amefungua daftari.

"Binti," alisema mtendaji. "Jina?"

"Keza."

"Keza binti nani?"

Bonifasia alijitupa mbele. "Binti Gervasi! Andika Keza Gervasi, ni mtoto wetu!"

Lakini Keza alikuwa amelelewa kujibu anapoulizwa na mkubwa, na kata nzima ya pombe ilikuwa tumboni mwake. "Binti Niyomugabo," alisema, na mara akafumba mdomo kwa mkono wake mweusi.

Mihayo aliandika. Kisha akauliza karatasi, akijua jibu.

Bonifasia alimvuta pembeni, nyuma ya jiko. Alimwambia habari ya foleni, ya mwanamume mwenye godoro, ya baba ambaye hakurudi. Aliyasema yote bila kupumua. "Kule kambini wakisoma jina hilo yule mtu wa godoro atalisikia. Futa, baba. Futa hilo la mwisho tu. Nakupigia magoti."

"Simama, mama, usinipigie magoti." Mihayo alivua kofia. "Jana nilikuwa sijui. Mtu asipojua, hana kosa. Leo nimejua mbele ya watu mia, na mmoja wao ameshapiga simu wilayani, nimemsikia. Nikifuta, kesho anakuja mwingine hapa, na mimi sipo." Akafunga daftari. "Kule kuna ofisi ya ulinzi wa wakimbizi. Aeleze. Watamsikiliza."

"Watamsikiliza?"

Mihayo alivaa kofia yake tena. Alisema gari la kwenda kambini Kibondo linaondoka kesho asubuhi, na usiku huu atalala kituo cha mapokezi.

Keza hakuwa na kitu cha kufungasha zaidi ya kanga na sweta la Bernardo, mtoto wao aliyekuwa bweni Biharamulo. Alimuaga mjomba wake, akapiga goti mbele ya Bonifasia. Bonifasia alitaka kusema ni mimi, lori lilipita Jumatatu na mimi ndiye niliyelizuia. Alichosema ni, "Vaa sweta, pikipiki ina baridi," na mchana ulikuwa wa jua kali kama nini.

Pikipiki iliondoka, Keza katikati, mgambo nyuma. Watu waliifuata kwa macho mpaka ilipokata kona. Kisha wakageuka, na wakabaki pale pale.

"Mama Bernardo," alisema mmoja kwa upole, ameshika kikombe. "Tupimie basi. Mtumbwi umejaa."

Bonifasia alidhani hajasikia vizuri. "Nendeni nyumbani," alisema. "Nendeni kwa Scolastica! Nendeni popote!"

"Scolastica leo kaishiwa. Tunalipa."

Alikuwa tayari kuupindua mtumbwi ule. Aliushika ukingo kabisa. Gervasi ndiye aliyemshika mkono, na shati lake lilikuwa limelowa damu begani. "Nauli ya kumfuata Kibondo tutaitoa wapi?" alimwambia. "Na ya kumpa mtu kule amwangalie? Kama huwezi, kaa. Nitauza mimi."

Akachota, akaonja, akampa wa kwanza. Akachota, akaonja, akampa wa pili. Gervasi hakuwa na mkono wa kuuza. Alimwaga, alisahau chenji, na foleni ilikuwa imefika barabarani. Bonifasia alimwangalia kwa muda. Kisha akafunga kanga kiunoni, akachukua kata ya pili.

Alionja kwa kila mtu. Hakuruka hata mmoja. Wa kwanza, wa kumi, wa thelathini, funda kwa kila kikombe, hata kwa yule kijana wa jiwe. Kufika saa kumi na moja mtumbwi ulikuwa mtupu, alikuwa ameuza kuliko siku yoyote katika miaka minane, na miguu ilikuwa haimbebi. Walipomwona anayumba uani huku machozi yanamtoka, wakacheka kwa upendo, wakaambiana kwamba Mama Bernardo amerudi, na pombe ya leo ni kali kweli.